Jinsi ya kuweka na kusafisha visima vya kufuatilia maji ya ardhini kwenye depo ya mafuta

Fundi aliyebobea kuchimba visima vya maji ya nyumbani ndiye mtu wa kwanza utakayempigia simu, na ndiye wa kwanza utakayelazimika kubishana naye. Kwa mazoea yake, kisima kizuri ni kirefu, kina mipasuo mingi ya kuingizia maji, kimejazwa kokoto toka chini hadi karibu na juu, na kinatoa maji mengi. Kisima cha ufuatiliaji hakihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Kazi yake ni kukuambia maji ya tabaka moja, mahali pamoja, yamebeba nini na yanaelekea wapi. Kikichimbwa kwa mazoea ya kisima cha kunywa, petroli inaweza kupata njia ya kushukia kwenye maji yaliyokuwa salama mpaka siku ulipofika na mtambo wako.

Mfano nitakaoutumia ni depo ya mafuta kwenye ukanda wa Kurasini na Kigamboni, Dar es Salaam. Ardhi ya huku ina mpangilio unaofaa kufundishia: juu kuna mchanga wenye maji yasiyo na kifuniko, katikati udongo wa mfinyanzi, na chini yake mchanga mwingine ambao maji yake yamebanwa kwa kiasi fulani. Visima vingi vya majumbani na vya taasisi jijini vinavuta maji kutoka matabaka hayo. Upande wa kusini zaidi, Kimbiji, kuna hifadhi ya maji ya ardhini ya kina kirefu ambayo jiji limeitegea macho kwa miaka mingi. Kwa hiyo lile tabaka la mfinyanzi lichukuliwe kama mali ya umma. Usilitoboe bila sababu.

Hatua ya 1: Vibali, ramani na mkataba

Kwa Tanzania, uchimbaji unasimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Mchimbaji awe na leseni, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ijue unachimba nini na wapi. Upande wa mazingira kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ndani ya depo kwenyewe kuna kibali cha kazi ya moto, maana mtambo una injini, na chuma kikigonga chuma hutoa cheche.

Kisha kaa na ramani ya depo pamoja na mtu aliyekaa pale muda mrefu. Muulize matangi ya zamani yalikuwa wapi, bomba la chini linapita wapi, gari liliwahi kumwaga wapi. Ramani za ofisini mara nyingi zinaonyesha kilichokusudiwa kujengwa, na mzee wa zamu ya usiku anajua kilichojengwa.

Kwenye mkataba, usimlipe mchimbaji kwa mita. Malipo ya mita humfanya mtu apende kina, na wewe unataka asimame mapema. Lipa kwa kisima kilichokamilika, kisha muda wa kusafisha ulipwe kwa saa, peke yake. Kazi ya kusafisha isiyo na fungu lake hufanywa dakika 20 magharibi ikiingia, watu wameshaanza kukunja vifaa.

Hatua ya 2: Visima vingapi, na wapi

Mwelekeo wa maji haupatikani kwa visima viwili. Unahitaji angalau vitatu vilivyokaa kwa pembetatu, si kwa mstari mmoja. Kanuni za Marekani za maeneo ya taka hatarishi zinadai kisima kisichopungua kimoja juu ya mkondo (upande maji yanakotoka) na visivyopungua vitatu chini ya mkondo (yanakoelekea), na hata pale ambapo sheria hiyo haifiki, ni mpangilio wa kuanzia unaoeleweka. Kile cha juu ya mkondo ndicho watu hupenda kukiacha ili kuokoa fedha. Bila hicho, jirani mwenye gereji atakuambia uchafu ni wako nawe utamwambia ni wake, na hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Usidhani kwamba kwa kuwa bahari iko kule, maji nayo yanaelekea kule. Kwa ujumla ndivyo, lakini pampu kubwa ya jirani inaweza kuyageuza. Tena kuna kujaa na kupwa. Bahari ya Dar es Salaam wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na visima vilivyo karibu na ufuko huitikia. Ukipima kisima kimoja saa mbili asubuhi na kingine saa saba mchana, mshale utakaouchora kwenye ramani yako ni mshale wa bahari. Pima vyote ndani ya muda mfupi iwezekanavyo. Kwa vilivyo karibu na maji, weka kinasa usawa kinachoandika kila saa kwa siku 3 mfululizo, kisha tumia wastani.

Hatua ya 3: Kabla ya keekee kugusa ardhi

Chimba kwa mkono mita 1.5 za kwanza. Ni kazi ya jasho na msimamizi wa depo atanung'unika, lakini kebo ya umeme na bomba la petroli viko ndani ya kina hicho hicho.

Osha kila kitakachoingia shimoni: fimbo, keekee, mabomba, hata kamba. Tumia maji ya moto yenye shinikizo na sabuni isiyo na fosfeti, halafu suuza. Rudia kati ya kisima na kisima, na anza na eneo unalodhani ni safi ukielekea kwenye chafu. Grisi ya mafuta ya madini isipakwe kwenye hesi za fimbo. Tumia mafuta ya kula kidogo, au usipake kitu. Utepe mweupe wa mafundi bomba nao ukae mbali. Depo nyingi zimewahi kutumia povu la kuzimia moto lenye kemikali za florini zinazodumu, na utepe ule umetengenezwa kwa jamii hiyo hiyo ya kemikali. Siku maabara itakapozitafuta, hutajua zimetoka wapi.

Kipima gesi kiwe kimewashwa mdomoni mwa shimo muda wote. Mvuke ukifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, zima injini, watu wasogee upande upepo unakotoka, na kazi isubiri.

Hatua ya 4: Kuchimba

Kwa mchanga wa pwani, keekee yenye umbo la skrubu na uwazi katikati ndiyo bora. Haihitaji tope wala povu, na bomba la kisima linashushwa ndani yake huku kuta za shimo zikiwa zimeshikiliwa. Shida ni kwamba mitambo mingi iliyopo mjini ni ya hewa ya shinikizo au ya tope la bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Hewa hupeperusha benzini, kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, unayotaka kuipima, tena kompresa hutema mafuta yake mwenyewe. Tope nalo hupaka ukuta wa shimo utando ambao utautoa kwa taabu wakati wa kusafisha. Kwa kina cha mita 7 au 8 kwenye mchanga laini, mimi ningechagua keekee ya mkono yenye bomba la muda la kushikilia kuta kuliko mtambo mkubwa wa tope. Ni polepole, lakini ni safi. Kama lazima utumie maji kuchimbia, yawe ya kunywa, chukua sampuli yake, na andika lita ulizopoteza shimoni. Tarakimu hiyo utaihitaji baadaye.

Chukua udongo kila unaposhuka na uandike hapo hapo: rangi, ukubwa wa chembe, unyevu, harufu, kina cha maji yalipoonekana. Usiinamie sampuli kuinusa. Kipima mvuke kipo kwa kazi hiyo. Ukigusa mfinyanzi wa kijivu unaonata, simama.

Ikibidi kufika tabaka la chini, shusha kwanza bomba pana la nje, uliingize kwenye mfinyanzi angalau sentimita 60, umimine uji wa saruji kulizunguka, na usubiri saa 24. Ndipo uendelee ndani yake kwa keekee nyembamba. Hili ni ghali. Kwa depo yenye petroli, ambayo huelea, mara nyingi halihitajiki. Kwa kiwanda kilichotumia vimumunyisho vya klorini, vilivyo vizito kuliko maji, hadithi ni nyingine: huko uchafu wenyewe umetafuta sakafu ya mfinyanzi, nawe utaufuata hadi hapo.

Hatua ya 5: Bomba na mipasuo

Bomba la PVC la milimita 50, la ukuta mnene, linaloungwa kwa hesi na oringi (pete ya mpira). Gundi ya PVC ni marufuku. Ndani yake kuna vimumunyisho vitakavyojitokeza kwenye majibu ya maabara kwa miezi, na utamtafuta mchafuzi ambaye yumo ndani ya mkebe wako. Usitoboe mipasuo kwa msumeno pia. Nunua bomba lililopasuliwa kiwandani. Kwa mchanga mwembamba wa hapa, mpasuo wa milimita 0.25 unafaa.

Urefu wa sehemu yenye mipasuo usizidi mita 3 ila kwa sababu maalumu. Mipasuo mirefu huchanganya maji ya juu na ya chini, na kiasi kidogo cha uchafu hupotea ndani ya maji mengi safi. Mahali pa kuiweka panategemea unachotafuta. Kwa petroli na dizeli, mipasuo lazima ikatize usawa wa maji, kiangazi na masika. Ikizama yote chini ya maji, utando wa mafuta utabaki nje ya bomba, nawe utaandika ripoti kwamba hakuna mafuta.

Tuchukue mfano. Maji yako mita 6.0 mwezi Oktoba, na baada ya masika hupanda hadi mita 4.8. Weka mipasuo kuanzia mita 4.0 hadi 7.0, kizibo cha hesi chini, na bomba zima juu hadi usoni. Shimo liwe na kipenyo cha milimita 200, kina mita 7.2. Upana huo si anasa, maana unahitaji angalau sentimita 5 kila upande wa bomba ili mchanga na muhuri vipite bila kukwama. Tumia vishikizi vya kuliweka bomba katikati, na likae likining'inia, lisiegemee sakafu ya shimo.

Hatua ya 6: Mchanga, bentonaiti, saruji

Hapa ndipo visima vingi huharibika, na kwa bahati mbaya hakuna anayeona kwa macho.

Mchanga wa kuchuja uwe wa kwatzi, umeoshwa, chembe za mviringo za milimita 0.4 hadi 0.85 kwa mpasuo wa 0.25. Mchanga wa ufukweni haufai, una chumvi na vipande vya makombe. Tone la siki litakuonyesha, kwani makombe hutoa povu. Mchanga wa mtoni, kama ule wa Mpiji unaojengea nyumba, una vumbi la mfinyanzi na chembe za kila ukubwa. Ukitaka kuutumia, utauchekecha na kuuosha mpaka uichoke kazi. Mara nyingi mifuko iliyopimwa kiwandani ni nafuu kuliko inavyoonekana.

Fanya hesabu kabla ya kumwaga. Kati ya shimo la milimita 200 na bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 60, kila mita inachukua lita 28.6 hivi. Mchanga unapanda hadi sentimita 60 juu ya mipasuo, yaani kutoka mita 7.2 hadi 3.4. Hizo ni mita 3.8, sawa na lita 110 hivi, karibu kilo 175: mifuko saba ya kilo 25. Umimine kidogo kidogo kupitia bomba la kumiminia, ukipima kina kwa futi yenye uzito kila baada ya mfuko. Mchanga ukifika mita 3.4 baada ya mifuko mitatu tu, umekwama njiani na chini kuna uwazi. Sukasuka bomba taratibu mpaka ushuke. Ukimaliza mifuko kumi bado hujafika, ukuta umebomoka mahali. Andika kilichotumika, si kilichopangwa.

Juu ya mchanga, punje za bentonaiti mita 1, kutoka 3.4 hadi 2.4. Hapo ni juu ya maji, kwa hiyo hazitavimba zenyewe: mwagia maji safi kwa awamu na uziache saa kadhaa kama mtengenezaji alivyoandika. Bentonaiti kavu si muhuri.

Kisha uji wa saruji hadi karibu na uso. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 30 hadi 35 za maji na kilo 2 hivi za unga wa bentonaiti, uliokorogwa na maji kwanza kabla ya saruji kuingia. Uumimine kutoka chini kwenda juu kwa bomba. Fundi akikuongezea maji ili uji uteleze, mzuie. Uji mwepesi husinyaa ukikauka na kuacha mwanya pembeni mwa bomba, na mvua ya kwanza itashuka nao. Siku inayofuata utakuta uji umezama kidogo. Jaza tena.

Hatua ya 7: Mdomo wa kisima

Kwenye uwanja wa malori, kifuniko kiwe sawa na ardhi, chenye zege linaloteremka nje pande zote na kizibo cha mpira kinachobana ndani. Penye nafasi, bomba liinuke na kuvikwa chuma chenye kufuli, na nguzo za kulikinga na magari. Vifuniko vya chuma cha kutupwa huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo vile vya plastiki ngumu vina faida yake hata kama havipendezi. Andika jina la kisima ndani na nje, na usiandike "kisima" peke yake: dereva wa tangi aliyewahi kukosea na kushushia mafuta humo si hadithi ya kutunga katika biashara hii duniani. Rangi tofauti na ya midomo ya matangi inasaidia.

Kata alama ndogo upande wa kaskazini wa ukingo wa bomba. Vipimo vyote vya maji, daima, vitaanzia hapo. Mpimaji aje achukue kimo cha alama hiyo kwa usahihi wa milimita chache. Kwenye tambarare ya pwani tofauti ya maji kati ya visima inaweza kuwa sentimita chache tu, na kosa la sentimita 5 linageuza mshale mzima.

Hatua ya 8: Kusafisha

Subiri saa 24 hadi 48 saruji ishike. Ukianza mapema utaivuta ndani ya mchanga, na baadaye kisima kitakupa pH ya 11 au 12 ambayo haitokani na depo.

Kabla ya yote, shusha kipima cha kutofautisha mafuta na maji. Kukiwa na mafuta yanayoelea, usianze kuchochea. Utayapaka kwenye mchanga wote na kisima hakitapona. Yapime unene, andika, na mpango wa kuyatoa uwe kazi nyingine.

Kama ni maji matupu, pima usawa wake na kina cha sakafu, kisha anza na plunja: kizibo cha mpira kwenye fimbo kinachopanda na kushuka ndani ya bomba kama pampu ya baiskeli. Lengo ni kuyafanya maji yapite kwenye mipasuo kwenda na kurudi. Maji ya kwenda upande mmoja tu hupanga chembe ndogo zikafunga mlango; yakirudi huzivunja. Anza pole, sehemu ya juu ya maji, mapigo mafupi, ukishuka taratibu. Ukianza chini kwa nguvu, tope litaibana plunja. Baada ya dakika 5 hadi 10, toa mchanga uliokusanyika chini kwa beila, yaani chombo chembamba cha kuchotea, na urudie. Kwenye udongo wenye vumbi jingi punguza nguvu, maana kuchochea kupita kiasi huleta tope lisilokwisha.

Halafu pampu. Ihamishe juu na chini ya mipasuo, ongeza kasi, punguza, simamisha, washa. Usitumie kompresa kurusha maji hewani, ingawa ndivyo visima vya majumbani vinavyosafishwa kila siku.

Utajua lini imetosha? Maji yaonekane maangavu, chini ya NTU 10 (kipimo cha ukungu wa maji), na bora chini ya 5. pH isibadilike zaidi ya 0.1, upitishaji umeme usizidi tofauti ya asilimia 3, katika vipimo vitatu mfululizo. Na uwe umetoa angalau mara tatu ya maji uliyopoteza wakati wa kuchimba: ulipoteza lita 200, toa 600. Hesabu pia ujazo wa kisima chenyewe. Bomba la milimita 50 hubeba lita 2.2 hivi kwa mita, na mchanga unaolizunguka, ukichukua uwazi wa asilimia 30, lita 8.6. Kwa maji ya kimo cha mita 1, kama katika mfano wetu wa Oktoba, ni lita 11 tu, kwa hiyo kisima kitakauka mara nyingi. Kiache kijae, urudie. Visima vingine havifiki NTU 10 kamwe kwa sababu udongo ndivyo ulivyo. Vikitulia penye NTU 30 au 40 bila kubadilika, andika hivyo na uache.

Maji yote hayo, na udongo wote uliotoka, viingie kwenye mapipa yenye lebo ya kisima na tarehe. Visimwagwe mtaroni. Majibu ya maabara ndiyo yataamua kama maji yanaweza kupitia kitenganisha mafuta cha depo au yachukuliwe na kampuni yenye kibali.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Chora kila kisima: vina vya mipasuo, mchanga, bentonaiti na saruji, mifuko iliyotumika, lita zilizoingia na kutoka. Nakala moja ikae depo, maana wewe utahama.

Acha wiki 2 kabla ya sampuli ya kwanza ili maji yaliyovurugwa yarudi katika hali yake. Kwa benzini, kipimo cha kulinganisha ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, miligramu 0.01 kwa lita, kwa hiyo hakikisha maabara inaweza kusoma chini ya hapo kabla hujawalipa. Kila unaporudi, pima sakafu ya kisima. Tope likifunika zaidi ya asilimia 10 ya mipasuo, sentimita 30 kwa kisima chetu cha mfano, toa plunja garini ukisafishe upya.